Gari Linapochemsha Likivuta Tela: Kutoka Mwanza hadi Bukoba

Gari linalochemsha likiwa linavuta tela, mara nyingi lilikuwa na ubovu kabla ya tela kufungwa. Hilo ndilo ambalo kazi ya kupeleka boti kutoka Mwanza kwenda miji mingine ya kando ya ziwa imenifundisha, na halifanani na maelezo ninayoyasikia katika karibu kila gereji: kwamba mzigo umezidi, kwamba injini imechoka, kwamba mlima ni mkali, kwamba dereva amekanyaga sana. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanamwacha mwenye gari bila la kufanya, kwa sababu mlima hauhami na mzigo ndio unaomlisha.

Jambo lenyewe linaeleweka ukifuata njia ya joto. Injini ya dizeli hugeuza kuwa mwendo takriban theluthi moja tu ya nishati iliyomo katika mafuta, au zaidi kidogo. Iliyobaki hugeuka joto, na joto hilo hutoka kupitia bomba la moshi na kupitia maji yanayozunguka kati ya injini na rejeta. Gari likiwa tupu kwenye tambarare ya Magu, injini inafanya kazi ndogo, joto ni dogo, na hata rejeta iliyoziba nusu inatosha kulipooza. Mwenye gari anaweza kuishi hivyo miaka mitano akiamini kwamba gari lake ni zima. Siku atakapofunga tani moja na nusu nyuma na kuanza kupanda, injini itadai upoozaji wote iliouahidiwa ilipotoka kiwandani, na hapo ndipo itajulikana ni kiasi gani kilichobaki.

Gari ninalotumia ni Land Cruiser pikapu, lile ambalo watu hapa huliita mkonga, lenye injini ya 1HZ ya silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, isiyo na tabo wala kompyuta ya kuisimamia. Ni injini ya subira. Haina haraka, lakini ikitunzwa huvuta bila kulalamika, na kila fundi kuanzia Sirari hadi Mutukula ameshaifungua. Nililinunua likiwa limetumika, kama yalivyo magari mengi ya kazi katika mkoa wetu, na historia yake niliijua kwa yale tu ambayo muuzaji aliamua kuyasimulia.

Safari ninayotaka kuieleza ilikuwa ya kupeleka boti ya faiba Bukoba. Watu huniuliza kwa nini boti isipelekwe kwa njia ya maji wakati ziwa liko pale pale, na jibu ni kwamba mnunuzi anataka chombo kipya kimfikie kikavu, injini yake ikiwa bado kwenye boksi, na hataki mtu mwingine akijaribie kwenye mawimbi ya katikati ya ziwa. Kwa hiyo boti hupanda tela, na tela hufuata barabara ya Usagara, Sengerema, Geita, Katoro, Chato na Muleba.

Tuliondoka alfajiri, mimi na mpwa wangu ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kazi hii. Kabla ya kuondoka tulikagua maji, oili, mkanda wa feni, nati za magurudumu na taa za tela, na vyote vilikuwa sawa. Tulipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi kwa dakika chache. Daraja hilo, lenye urefu wa takriban kilomita tatu na lililofunguliwa mwezi Juni 2025, limetuondolea foleni ya kivuko ambayo iliweza kumla mtu nusu siku, na hakuna dereva anayeililia. Hata hivyo nimewahi kujiuliza kama foleni ile haikuwa ikiyaficha maradhi ya magari yetu, maana injini ilizimwa pale Kigongo, ikapoa kabisa, na kilichobaki cha safari kikaanza upya kwa gari baridi. Leo gari linatoka Mwanza hadi Geita bila kupumzika, na joto linalojilimbikiza kidogo kidogo halipati pa kuvunjikia.

Kwenye vilima vya kuingia Geita mpwa wangu, aliyekuwa amepewa kazi moja tu ya kuangalia dashibodi, alisema, "Mjomba, mshale umeinuka."

"Umeinuka kiasi gani?"

"Umevuka nusu, kama upana wa kidole."

Upana wa kidole unaonekana jambo dogo, lakini katika magari mengi mshale wa joto umetengenezwa utulie katikati hata maji yanapopanda na kushuka kwa nyuzi nyingi, ili dereva asihangaike bure. Maana yake ni kwamba ukiuona unasogea, maji yameshapita mbali kiwango cha kawaida. Hausemi kwamba joto linaanza kupanda. Unasema kwamba limepanda zamani na sasa limetoka nje ya eneo ambalo mshale uliruhusiwa kunyamaza.

Nilifanya mambo manne kwa wakati mmoja, na ninayaandika hapa kwa sababu yamewahi kuniokoa zaidi ya mara moja. Nilizima kiyoyozi, kwa kuwa kinaibebesha injini kazi ya ziada na kipoozeo chake, kilichokaa mbele ya rejeta, kinaipelekea hewa ambayo tayari ina joto. Nilifungua hita hadi mwisho pamoja na vioo vyote, kwa kuwa hita ni rejeta ndogo ya pili, ingawa mnaotoka jasho ni ninyi. Nilipunguza mwendo. Na nilirudisha gia kutoka namba nne hadi namba tatu, injini ikaenda kwenye mizunguko kama 2,500 kwa dakika, jambo ambalo lilimshangaza mpwa wangu kwa sababu yeye aliamini kwamba injini inayonguruma ndiyo inayoumia. Ukweli ni kinyume. Pampu ya maji na feni huzungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukiibana kwenye gia kubwa, ikawa inakohoa kwenye mizunguko 1,400 huku umekanyaga hadi chini, unachoma mafuta mengi wakati maji na hewa vinatembea polepole. Gia ndogo huipa injini nafasi ya kujipooza yenyewe.

Mshale ulirudi. Tulipofika Katoro nilisimama, nikafungua boneti na kuangalia mbele ya rejeta kwa tochi, na hapo nilikuta sababu ya kwanza.

Jioni iliyotangulia tulikuwa tumekwenda Igombe kuchukua boti, na mwezi ulikuwa mwandamo. Wanaoishi kando ya Ziwa Victoria wanajua kinachotokea siku za giza la mwezi: vidudu vidogo vya ziwani huibuka kutoka majini kwa mamilioni na kupaa juu kama nguzo za moshi, na upepo ukigeuka huingia nchi kavu. Tulipita katikati ya wingu hilo kwa mwendo mzuri. Vidudu vilijibana kwenye mapezi ya rejeta, yaani yale mabati membamba yanayopitisha hewa, vikakauka usiku, vikachanganyika na vumbi la asubuhi, na kutengeneza kitu kama kipande cha blanketi jepesi chenye rangi ya kijivu. Nilipoweka tochi upande wa feni na kuchungulia kutoka mbele, mwanga ulipenya pembeni tu. Katikati palikuwa giza.

Tuliiosha rejeta kwa maji ya sabuni na brashi laini, tukimwaga kutoka upande wa injini kuja mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia badala ya kusukumwa ndani zaidi. Kijana wa kuoshea magari alitukaribisha kwenye mashine yake ya presha na nilimshukuru nikamkatalia, kwa sababu maji ya presha yakipigwa karibu hulaza mapezi ya rejeta kama nyasi zilizokanyagwa, na pezi lililolala ni sawa na pezi lililoziba. Kazi ilichukua karibu saa nzima. Baada ya hapo gari lilitembea vizuri hadi Chato na kuipita, na mtu yeyote angesema tatizo limekwisha.

Halikuwa limekwisha. Barabara ikishaliacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Muleba, miinuko inafuatana, na mshale uliinuka tena, safari hii bila kukubali kushuka kwa gia ndogo wala kwa hita. Nilitafuta mahali penye bega pana, nikaegesha, nikaacha injini iungurume bila kukanyagwa kwa dakika moja hivi ili maji yaendelee kuzunguka, lakini mara nikasikia mlio wa kuchemka na mvuke ukaanza kutoka kwenye chupa ya akiba, nikazima. Maji yakishapungua, kuacha injini inaunguruma hakuna faida tena, kwa sababu pampu inazungusha mvuke. Mpwa wangu aliweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya tela pia, akatandaza pembetatu za tahadhari, na kwa desturi ya barabara zetu akaongeza matawi mabichi hatua nyingi kutoka pale, kwa kuwa dereva wa lori anayeshuka huyaona matawi kabla ya kuona pembetatu.

Mama mmoja alitoka kwenye migomba akiwa na ndoo ya maji kichwani. "Poleni, waitu," alisema. "Maji haya hapa, limwagieni."

Tulimwamkia, tukamshukuru, na nikamwomba atuachie ndoo hiyo pembeni. Alituangalia kwa mshangao, maana gari lilikuwa linatoa mvuke na sisi tumekaa. "Sasa mnasubiri nini, wanangu?"

Tulikuwa tunasubiri hozipaipu ya juu ibonyee. Hakuna sehemu ya kazi hii inayohitaji ukali kama hii, kwa sababu watu wanaungua nyuso na mikono kila mara kwa kufungua mfuniko wa rejeta wakati maji bado yana presha. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji kwenye sufuria huchemka yakifika takriban nyuzi 96 za sentigredi, wala hayasubiri 100. Mfuniko mzima wa rejeta huyabana maji kwa presha, na presha hiyo huyazuia yasichemke hata yakipita nyuzi 110. Ukiufungua ghafla, presha inaondoka, na maji yote yaliyo juu ya nyuzi 96 yanataka kuwa mvuke kwa mara moja, yakitafuta njia kupitia mkono wako. Ndiyo maana ninashika hozipaipu ya juu kwa kitambaa: ikiwa ngumu kama tairi lililojazwa upepo, hakuna kinachofunguliwa. Kumwagia injini ya moto maji ya baridi nako ni kosa la aina nyingine, kwani chuma kilichotanuka kikipoozwa upande mmoja hujikunja au kupasuka, na silinda hedi, yaani kichwa cha injini, iliyopasuka ni gharama inayoweza kula faida ya msimu mzima.

Baada ya muda mrefu, kivuli kikiwa kimeshahamia upande wa pili wa gari, hozipaipu ilibonyea. Nilifungua mfuniko kwa hatua mbili nikitumia kitambaa kizito, nikawasha injini, kisha nikaongeza maji kidogo kidogo injini ikiwa inaunguruma taratibu. Niliangalia pia yale yanayoogopwa zaidi: oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, moshi haukuwa mweupe, na mapovu kwenye rejeta yalikoma baada ya hewa kutoka. Hedi gasketi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, ilikuwa salama. Tulijikongoja hadi Muleba mjini kwa mwendo wa baiskeli.

Fundi tuliyempata Muleba alikuwa mzee wa makamo, wa maneno machache. Nilimwamkia, nikamweleza yote tangu Geita. Aliuliza swali moja: "Themostati uliiona lini mara ya mwisho?" Themostati ni mlango mdogo unaojifungua kwa joto ili maji yaende kwenye rejeta, na nilimjibu kwamba tangu ninunue gari hilo sijawahi kuifungua wala kusikia ikitajwa. Alitikisa kichwa, akasema tulale, kwa kuwa alichotaka kunionyesha kinaonekana tu injini ikiwa imelala baridi usiku kucha.

Asubuhi, kabla jua halijapanda, aliniambia nisimame mbele ya gari. "Weka mkono hapa, mwanangu," alisema, akiuongoza mkono wangu kwenye hozipaipu ya juu, kisha akamwambia mpwa wangu awashe. Hozipaipu ilikuwa baridi kama bomba la maji. Haikuchukua muda, nikahisi uvuguvugu ukija, taratibu, ukipanda pamoja na injini bila kituo. Alizima. Alinieleza kwamba katika injini nzima hozipaipu ile ingebaki baridi kwa dakika kadhaa, injini ikijipasha yenyewe, halafu ghafla ingepata moto, kwa kuwa themostati imefunguka. Uvuguvugu unaokuja tangu mwanzo maana yake mlango umekwama wazi au haupo. Alifungua nati za nyumba ya themostati, akainua kifuniko, na mle ndani mlikuwa mtupu. Palikuwa na gasketi na alama ya mviringo ya kutu pale ilipowahi kukaa.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui, na mafundi wengi pia. Themostati hutolewa kwa sababu inayoeleweka: ikitiwa maji machafu mwaka baada ya mwaka hupata kutu na kukwama ikiwa imefungwa, gari huchemka, fundi huitoa, na gari huacha kuchemka siku hiyo hiyo. Mteja anashukuru, analipa na kuondoka. Simlaumu sana fundi wa namna hiyo, kwa kuwa spea halisi haipatikani kila mji na mteja ana haraka. Lakini katika injini nyingi za aina hii themostati ina kazi mbili. Upande wa juu hufungua njia ya kwenda kwenye rejeta, na upande wa chini una kisahani ambacho, injini ikishapata moto, hufunga njia ya mkato ambayo kwayo maji hurudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, milango yote miwili inabaki wazi. Maji hufuata njia nyepesi, na sehemu yake huzunguka moja kwa moja kurudi kwenye injini yakiwa na moto ule ule. Gari likiwa tupu halioni tofauti; asubuhi ya baridi huchelewa kupata joto na kula mafuta zaidi, basi. Likivuta mzigo kwenye mlima, lile joto lililonyimwa njia ya rejeta linabaki ndani.

Mzee yule hakuishia hapo. Alibonyeza springi ya mfuniko wa rejeta kwa kidole gumba, ikazama bila ubishi, na raba yake ilikuwa na nyufa. Mfuniko wa namna hiyo haushiki presha, kwa hiyo maji yetu yalikuwa yanachemka karibu na zile nyuzi 96 badala ya kustahimili mpaka juu ya 110. Alirudisha kifuniko, akaacha injini iwake mpaka ikapata moto, akaizima, kisha akazungusha feni kwa mkono, ikagoma kama inavyopaswa. Feni ambayo kilachi yake imekufa huzunguka huru mara kadhaa baada ya kusukumwa, na kwenye mlima inabaki pambo. Alipapasa uso wa rejeta kutoka juu hadi chini akitafuta sehemu ya baridi, ambayo ingeonyesha mirija iliyoziba kwa ndani, hakuipata. Kwa mpangilio huo aliondoa shaka moja baada ya nyingine bila kufungua kitu kisichohitaji kufunguliwa, na nimekuwa nikiufuata tangu hapo.

Nilipiga simu kwenye duka la spea Mwanza ambalo nimelizoea. Themostati yenye alama ya 82, gasketi yake na mfuniko mpya vilifungwa kwenye boksi, vikapandishwa basi la Bukoba, na kondakta akatukabidhi alasiri pale stendi ya Muleba. Kabla ya kuifunga, mzee aliitumbukiza themostati kwenye sufuria ya maji jikoni kwa jirani, ili nione ikifunguka maji yanapokaribia kuchemka. Ilifunguka. Tukajaza maji masafi yaliyochanganywa na kulanti nusu kwa nusu, maana kulanti huzuia kutu na huongeza nyuzi chache kabla ya kuchemka, tukatoa hewa, na kuondoka kesho yake alfajiri.

Miinuko iliyobaki hadi Bukoba tuliipanda mshale ukiwa umelala mahali pake, boti ile ile, tela ile ile, na mlima haukuwa umepungua hata mita moja. Mteja alipokea chombo chake kwa kuchelewa, akanung'unika kidogo, akalipa.

Kanuni hiyo hiyo ya ubovu unaojificha hadi mzigo uje nimeikuta pia upande wa mafuta. Katika safari nyingine, tukielekea Musoma, gari lilianza kukosa nguvu baada ya Lamadi. Halikuchemka wala kutoa mlio wa ajabu. Lilikataa tu kupita kilomita 60 kwa saa, na nikikanyaga zaidi hakuna kilichobadilika. Nilimwambia mpwa wangu aangalie moshi kwenye kioo cha pembeni. Angeniambia ni mweusi, ningefikiria hewa haitoshi na kufungua filta ya hewa, ambayo vumbi la barabara za vijijini huijaza upesi. Hakukuwa na moshi wa maana, na injini isiyo na nguvu wala moshi kwa kawaida inakosa dizeli. Filta ya dizeli iliyoanza kuziba hupitisha mafuta ya kutosha gari tupu, lakini mzigo unapodai mara mbili yake, kinachopita ni kile kile. Tulilegeza kizibo cha chini ya filta, yakatoka maji na mashapo meusi kabla ya dizeli safi kuonekana, tukabadilisha filta tuliyokuwa nayo kwenye boksi la spea, tukapampu kwa mkono hadi kifundo cha pampu kikawa kigumu, tukaondoka. Tangu hapo filta mpya ya dizeli haikosekani chini ya kiti, na dizeli ya kwenye madumu, hata ikiuzwa rahisi kiasi gani, siinunui nikiwa na tela.

Kuhusu mwendo nina la kusema moja, kwa sababu madereva wenzangu hubishana nalo. Boti juu ya tela ni ndefu na ina kifua kipana, na nguvu inayohitajika kupasua hewa haiongezeki sawasawa na mwendo. Huongezeka kwa mchemraba wake. Ukishuka kutoka kilomita 90 hadi 70 kwa saa, nguvu inayoliwa na upepo hupungua zaidi ya nusu, na joto linalolazimika kupita kwenye rejeta hupungua nayo. Kwenye tambarare ya Magu na Bunda yenye upepo wa ziwa usoni, tofauti hiyo inaonekana kwenye mshale na kwenye pampu ya kituo cha mafuta. Anayekwenda 90 hufika mapema akiwa hajachemsha. Akichemsha, hufika kesho.

Sasa nimefunga geji ya pembeni inayosoma joto kwa tarakimu, na siutegemei tena mshale wa dashibodi. Kwenye tambarare husoma kati ya 84 na 88, na kwenye milima ya Muleba hupanda hadi kwenye tisini na kitu na kusimama hapo. Nikiona namba inaendelea kupanda kwenye mlima ninaoujua, natafuta sababu kabla ya kufika kileleni, nikianza na mapezi ya rejeta, hasa siku za mwezi mwandamo.

Gari jipya mkononi mwangu, au gari lililotoka gereji, sasa silifungi boti ya mtu kabla sijalijaribu. Kuliendesha tupu kutoka gereji hadi nyumbani hakuthibitishi chochote. Ninapakia tela mchanga wa ujenzi, uzito unaokaribiana na boti na tela yake, ninasubiri saa nane mchana jua likiwa kali, ninazifungua habu za magurudumu ya mbele ili yazunguke huru bila kusukumwa na injini, nikihitaji gia nzito ya kuanzia mlimani yasikwaruzane na lami, na ninapanda kilima cha Bugando hapa Mwanza polepole, kisha Isamilo, mara kadhaa bila kupumzika, geji ikiwa mbele yangu. Mchanga wenyewe haupotei. Jirani anayejenga huununua jioni hiyo hiyo kwa bei tuliyokubaliana asubuhi.